Mayai Nyuma ya Kisanduku

Barua ya Bi Asila ilinifika Jumanne usiku,
Kiarabu cha mashine, na pembeni Kiswahili cha mkono wake,
kwa kuwa anajua macho yangu yanapenda wapi:
"Khalfan, njoo na ngazi, na waya mita mia na ishirini.
Kisanduku cha chekechea kishuke kabla watoto hawajaingia."

Nikaja. Ibra, saa kumi na mbili na nusu,
jua la Septemba limekwisha kushika mabati ya maegesho.
Kisanduku hiki nilikitundika mimi,
miaka sita nyuma, kwa ngazi hii hii.
Nilipigwa picha siku ile, nikapewa halwa.
Leo nakishusha, na halwa hakuna.

Wazazi walikuwa wamekutana juzi ukumbini.
Baba Mundhir, mhandisi, alitaja namba
moja baada ya moja, mpaka feni nayo ikachoka:
mawimbi haya ni dhaifu, alisema, dhaifu mno.
Mama Wadha akamjibu: dhaifu ni mwanangu.
Bi Asila akawaacha wamalize, akakunja miwani.
"Mimi sijui," alisema. "Nanyi hamjui.
Mtoto wa miaka minne asitangulizwe yeye
kwenda kututafutia jibu."

Hilo "sijui" lilinikaa kifuani.
Mimi fundi, niliyezoea kusema "hakuna shida"
hata mbele ya waya unaonuka moshi.

Skurubu nne. Ya mwisho ina kutu.
Kikatoka,
na nyuma yake, pale ukuta usipopata rangi,
mayai mawili ya mjusi,
madogo kama punje za mbaazi.
Moja limepasuka, tupu, mwenyewe kashaondoka.
La pili zima.
Alipenda joto, mama yule.
Taa za kijani zikamkonyeza usiku kucha,
naye akataga.

Watoto wakawahi kuliko tulivyotaka.
"Kimekufa?" akauliza Wadha, kidole kwenye kisanduku.
Hakikufa. Kinahamia maktaba,
kitawashwa kwa saa yake, kitazimwa kwa saa yake.
"Na yai?"

Mwalimu Nasra akasogea: "Mnaona? Halikuanguliwa!"
Baba Mundhir, mkoba wa mwanawe begani:
"Mnaona? Lile jingine limeanguliwa!"
Wakatazamana. Akacheka yeye kwanza,
akacheka mpaka kofia ikamteleza.

Bi Asila hakucheka. Alileta kikombe cha kahawa,
akakitandika pamba, akalichukua yai kwa kijiko,
akaliweka juu ya kabati, upande wa mashariki.
"Tutangoja," alisema,
na sikujua anazungumza na nani.

Nikalaza waya chini ya madirisha, klipu kwa klipu,
kazi ya magoti, kazi ya zamani.
Mlangoni palitundikwa mifuko ya simu,
vitambaa walivyoshona akina mama kwa mabaki ya madira,
kila mwalimu na jina lake kwa uzi.
Wangu nao upo. "Fundi," uzi mwekundu, herufi zimepinda.

Usiku nikaitoa simu chini ya mto,
nikaipeleka jikoni, juu ya pipa la mchele.
"Umeanza kuogopa?" akauliza Shinuna.
Nikasema la.
Kisha nikasema sijui,
neno geni kinywani mwangu, kakasi kama tende mbichi.
Saa nane nikaamka, nikapapasa, nikakosa cha kuwasha,
nikabaki na pumzi za mwanangu ng'ambo ya ukuta,
nikizihesabu, nikipotea, nikianza tena.

Jumapili nitarudi kukaza klipu tatu zilizolegea.
Habari za yai sitauliza.
Nitapandisha ngazi tu, karibu na kabati,
kana kwamba klipu iko huko.