Siku Kumi na Moja za Uru

Swali la nne nililitoa kwenye kitabu kisicho na jalada,
nilichomnyang'anya mpishi wa shule akikaribia kuwashia jiko:
Eleza kilichotokea Uingereza, Septemba 1752.
Jibu, kwa mwongozo nilioandika mwenyewe:
kalenda ilibadilishwa.
Watu walilala Jumatano, tarehe mbili,
wakaamka Alhamisi, tarehe kumi na nne.
Alama mbili.

Usiku, Uru. Umeme umekatika.
Nasahihisha kwa taa ya simu, kalamu nyekundu inagoma kwa baridi.
Madaftari arobaini yamenakiliana,
hata kosa la tahajia limepita dawati kwa dawati kama mafua.
Ndipo nafika kwa Ndelilio Kiwaria,
yule wa dirishani, mchelewaji wa kila zamu ya maji,
mwandiko wake umelala kama migomba baada ya upepo:

Mwalimu hazikupotea zilikuwa huku

Na akaendelea, bila nukta hata moja,
kwamba siku ya kwanza ndizi zilivundikwa
ya tatu ulezi ukalowekwa
ya sita chungu kikapanda motoni
kisha kungoja na kungoja
ya kumi wakatia msesewa
na ya kumi na moja wakaja waliokuwa wakichimba mfongo
wakanywa na udongo ungali kwenye kucha
bibi anasema mtu hafuti siku hizo
mbege ingekuwa mbichi

Nilicheka peke yangu, mpaka mbwa wa jirani akajibu.

Kitabu hichohicho kinasema mwaka ule
kengele ilivushwa bahari mpaka Filadelfia,
ikapasuka ilipojaribiwa.
Yetu ni rimu ya lori, imening'inia kwenye mgrevilea,
inapigwa kwa nondo tangu sijaajiriwa,
na bado inawatoa watoto vihambani.

Lakini ushahidi sina.
Huku mwaka ule haukuwa na namba.
Labda uliitwa mwaka wa viwavi.
Labda uliitwa kwa jina la mtoto aliyetanguliza miguu,
naye akafa, na jina likafa naye.
Nimefundisha miaka kumi na tisa
nikiruka karne nzima kama mtu anayeruka dimbwi,
kwa sababu kitabu kilikuwa kimya.

Ila mfongo haunyamazi.
Nausikia sasa hivi nyuma ya choo cha walimu,
ukishuka kutoka msituni kwa mteremko
ambao mtu aliupima kwa jicho tu:
ungezidi kidogo, maji yangekula ukingo;
ungepungua, yangelala njiani.
Mtu huyo alisimama pale, umande ukimlowesha magoti,
akachomeka mti wake uliochongwa ardhini
asubuhi moja ambayo London haikuwa nayo.

Au haikuwa asubuhi hiyo. Au haikuwa karne hiyo.
Sijui. Naandika sijui pembeni mwa daftari,
kwa kalamu nyekundu, kisha naona aibu, nafuta.

Mwongozo unasema sifuri.
Nampa moja na nusu.
Nusu nimeizuia kwa ajili ya nukta.

Kesho ni zamu ya kwao ya maji. Atachelewa tena,
ataingia na matope mpaka kwenye soksi,
na daftari la wachelewaji litakuwa wazi mezani.
Sitamwandika.