Tazama Pia

Alhamisi, saa nane, Mzee Asava hunijia,
fimbo ikimtangulia kwenye ngazi za maktaba.
Ngazi kumi na tatu. Huzihesabu kwa sauti
kana kwamba usiku kuna mtu huiba moja.

Anataka vitabu vya majasusi. Vingine hapana.
Nikimletea tenzi ananuna; nikimletea kilimo
anauliza kama nimemwona amebeba jembe.
Basi namsomea: historia za watu wa kuchungulia,
barua zilizofunguliwa kwa mvuke wa birika,
maajenti wenye majina matatu na wake wawili,
na sura ile ya miaka ya hali ya hatari,
hapa hapa Nairobi, watu wamepangwa foleni
mbele ya mtu aliyevishwa gunia
lenye matundu ya macho.
Gunia likitikisa kichwa, unapandishwa lori.
"Rudia hapo," husema. Narudia.
"Matundu mawili tu," husema. "Yalitosha."

Vingi ni vya Kiingereza; kikijikunja nakinyoosha.
Wapo waandishi wanaoliandika bomu kama mapishi:
kilo ngapi, dakika ngapi, nani alikodi nyumba,
simu ipi ilipigwa, ikapokewa na nani
katika jiji gani la mbali, na faili likalala.
"Kikulacho ki nguoni mwako," namwambia.
"Hicho changu," anajibu, "hata jina langu hakikulijua."

Alikuwa karani wa benki.
Ijumaa ile ya Agosti, saa nne na nusu,
walisikia mlipuko mdogo, kama mlango uliopigwa teke.
Mwenye macho haambiwi tazama.
Waliinuka wote kwenda dirishani.
Palikuwa na pazia la kijani; yeye ndiye aliyelivuta
ili wenzake nao waone.
Kisha kioo kikaingia ndani, chote, kwa pamoja.

"Macho hayana pazia," huniambia, akacheka
kama mtu anayezuia kikohozi msibani.
Hajawahi kuniambia wenzake walikuwa wangapi.

Leo tumemaliza kile kinene, cha Kiswahili kwa bahati.
Nikakifunga. "Bado," akasema. "Nisomee faharasa."
Hakuna asomaye faharasa, Mzee.
"Anza na A."

Adui: kumi na mbili, arobaini, mia na tisa.
Afisa aliyeonya: tazama pia Barua zisizojibiwa.
Ajenti: tazama pia Malipo.
Tazama pia, tazama pia,
nilitamani kuruka maneno hayo, sikuthubutu.
Mtega bomu mmoja amepewa mistari tisa,
kila lakabu na kurasa zake.
Gari lina mstari. Rangi ya gari ina mstari.
Asali, biashara ya, kama kificho: sabini na moja.

Kidole changu kikasimama hapo.
Chini ya Asali kulikuwa na Askari.
Mzee alikuwa ameinua kidevu, kama mtu benchi la zahanati
anayesubiri kuitwa.

Nikasema: "Asava, Zablon. Karani.
Ukurasa wa mia nne na kumi na mbili."
Sauti haikutikisika. Nilishangaa
kazi hii ilivyo rahisi.

Akanyamaza. Huko Mtaa wa Banda
mtu alikuwa akishusha makreti ya soda, moja moja.

"Kitabu hiki," akasema, "kina karatasi
mia moja tisini na nane. Zidisha kwa mbili.
Nilizihesabu kwa kidole gumba
ulipokwenda kunywa chai."

Nikatafuta pa kuweka mikono.
Yeye akakivuta kitabu, akakifungua kwa nyuma,
akapapasa hadi jalada la ndani,
lile lisilochapwa kitu,
akanirudishia.
"Haya. Soma."

Nikasoma: Ijumaa hiyo, karani alikuwa na chapati mbili
ndani ya droo, amezifunga kwa gazeti la jana...

"Tatu," akasema.