Mkono

Daktari alikuwa kijana, kalamu yake imeng'atwa kichwa.
Aliandika namba, akaizungushia duara
kama mwalimu anayeonyesha kosa la hesabu.
Mia tatu kumi na mbili.
Nikamwuliza: hiyo ni nyingi?
Alinitazama miguu kabla ya kunijibu.

Mimi ni Nidelvia Pech. Miaka kumi na tisa
niko kwenye mashine ya tortila, nyuma ya soko, mjini Mérida.
Mashine inatema duara moja baada ya jingine,
zinashuka kwenye mkanda zikifuka mvuke,
na mkono wangu, bila kuniomba ruhusa,
huchukua ya kwanza, hutia chumvi, hukunja,
nayo imeshapita kooni
kabla mteja hajasema anataka kilo ngapi.
Sijawahi kuzihesabu.
Nani huhesabu pumzi?

"Mbili kwa mlo," alisema mtaalamu wa lishe.
Nikacheka. Alidhani nimekubali.

Wiki ya kwanza nilikula kwa hasira.
Nilitafuna majani ya chaya kama mbuzi aliyefiwa.
Nilimnunia mwanangu Gaspar na mkate wake mtamu,
makombo yakimdondoka kifuani, hana habari.
Hata kizibo cha soda kilinitesa:
jirani akifungua chupa yake ya lita tatu,
tsss,
mlio ulipenya ukutani, ukaja kulala nami
kwenye kitanda changu cha wavu.

Kila alfajiri, kidole, sindano, tone.
Mia mbili themanini. Mia mbili arobaini.
Kisha mia tatu tena, kwa sababu ya embe
nililolila nimesimama, gizani,
mwizi katika jiko langu mwenyewe.
Chovya chovya humaliza buyu la asali, wamesema.
Hawakusema kwamba buyu lenyewe ni mimi.

Mama yangu aliitwa Gumersinda.
Kwake ilianza kidole gumba, mguu wa kushoto.
Kisha wayo. Kisha goti.
Tulimfichia soda juu ya kabati
naye akawatuma wajukuu dukani, akiwahonga peremende.
Niligombana naye mwaka mzima juu ya chupa.
Alikufa na kiu, na mimi nilikuwa nimeshinda.

Leo ni Novemba mosi, wafu wanarudi kula.
Nimetandika kitambaa cheupe, nimewasha mishumaa.
Gaspar amefukua mkate wa mahindi wenye kuku ndani,
umevikwa majani ya mgomba, umeiva chini ya ardhi.
Na katikati ya meza, Mama,
nimekuwekea chupa nzima, ya baridi.
Kizibo nimefungua mimi.
Tsss.
Kunywa. Huko uliko hakuna wa kukutoboa kidole.

Hapa kwetu tunasema wafu hula harufu,
walio hai humaliza kilichobaki.
Nikakata changu: upana wa kiganja, vidole usivihesabu.
Gaspar akaangalia sahani, akaniangalia,
akanisogezea bakuli la maboga bila neno.
Nikatafuna polepole, kwa kuwa kilikuwa kidogo,
na baada ya miaka sijui mingapi nikayasikia mahindi:
chokaa, majivu,
ukingo wa jani lililoungua.
Sitasema kilitosha. Hakikutosha.
Lakini nilikuwepo nilipokuwa nakila.

Jumatatu mashine ikawashwa, saa kumi na moja alfajiri.
Duara la kwanza likashuka.
Mkono ukatoka wenyewe.
Nikautazama. Moja, nikauambia.
Ukachukua, ukakunja, ukanilisha, ukarudi kazini
kama mtoto aliyekemewa mbele ya wageni.

Saa nne ukatoka tena.
Tukaanza kubishana.