Mia Mbili Iliyobaki

Ijumaa kabla ya adhuhuri alishuka ngazi za mawe,
panga amelifunga kwa gunia la dagaa,
akaniamkia vizuri. Hilo nalisema kwanza.
Aliniamkia vizuri, akauliza kama kuna foleni,
na foleni ilikuwa yeye na mbuzi wa jirani.

"La nyumbani," akasema. "Mama anakatia mapanki."

Mimi ni mnoa visu wa Mabatini.
Baiskeli yangu haijaenda popote miaka kumi na tisa:
nakanyaga, jiwe linazunguka, cheche zinaruka,
na Lubango akazicheka
kama alivyozicheka akiwa darasa la pili.
Nikalijaribu kwa ukucha. Likauma.
Mia saba, nikamwambia. Mfukoni ana mia tano.
"Mia mbili nitaleta, mzee."
Nikasema haya.

Jumamosi usiku, pale kwenye mwamba uliopasuka,
ambapo taa iliungua tangu Pasaka
na kila mtu akamwachia mwenzake kuripoti,
Masalu alikuwa anapanda kwao
na simu ya kioo chenye nyufa.

Jeraha sitalisimulia. Nalijua kuliko daktari wa Bugando,
najua lilivyokuwa safi,
kwa kuwa kazi yangu sikuilipua.

Jumapili, mkutano wa mtaa.
Wakasema wazazi.
Milembe akasimama, mama yake Lubango,
magamba ya sangara yamemkaukia viwikoni:
"Saa tisa usiku niko Mwaloni. Saa mbili usiku ndiyo narudi.
Nitajieni saa ya malezi, niiombee ruhusa."
Mtu mmoja akaguna. Basi.
Wakasema shule. Mwalimu akasema aliandika barua
mtoto alipoacha kuja, na barua ikakaa mahali.
Wakasema polisi, ambao hawakuwepo.
Mageni, ambaye dukani kwake kuna mashine
inayomeza sarafu za mia mbili mia mbili
hadi watoto wanaiota usingizini,
Mageni alichangia hoja mara tatu,
na mara ya tatu akasema samaki mkunje angali mbichi.

Wanawake wa Mwaloni wakacheka, kicheko kibaya.
Mbichi? Mbichi wanaingia kiwandani.
Huku kwetu wanapanda kichwa na miba.
Haya, ikunje miba.

Mimi nilikaa nyuma kabisa, juu ya jiwe lenye joto,
nikingoja aulizwe aliyelinoa.
Mkutano ukafungwa kwa sala.

Jumanne akaja Mbuke, mama wa Masalu,
na kisu cha jikoni ndani ya pindo la kanga.
"Kinoe vizuri. Matanga yana watu, vitunguu havikatiki."
Nikakanyaga. Mguu ulikuwa si wangu.
Alizitazama zile cheche bila kupepesa,
nami nikamaliza, nikakataa hela yake.

"Usinihurumie kwa hela," akasema.
"Kama una neno, liseme."

Jiwe lilikuwa bado linajizungukia, polepole.
Nikalisubiri lisimame.
"Ni mimi niliyelinoa."

"Najua," akasema Mbuke. "Mtaa mzima unajua.
Ulidhani walikusahau?
Ukitajwa wewe, atatajwa Mageni.
Akitajwa Mageni, atatajwa aliyempa kibali,
na ile taa, na mimi niliyemnunulia simu
mtoto wa kupita gizani.
Nipe kisu changu."

Akapanda ngazi. Alipumzika mara mbili njiani,
mara ya pili pale pale kwenye mwamba.

Sasa kila anayekuja namuuliza cha nini.
Wote wanajibu: cha nyumbani.
Nanoa. Nitafanyaje, nami nina nyumbani.

Ile mia tano imo kwenye kopo la maziwa, sijaigusa.
Na mia mbili iliyobaki nimeiandika ubaoni kwa chaki,
kwenye orodha ya wanaodaiwa,
chini ya jina langu.