Kwa Dorinda

Mara ya kwanza tulilaumu mvua.
Mvua ya Galisia haina adabu, huingia hata kwenye supu,
alisema Fiz, mume wangu, akigeuza kome kwa uma.
Walikuwa wanane, niliwahesabu,
watatu wamefumba midomo
kama mashahidi waliolipwa.

Mara ya pili tulilaumu Agosti.
Foleni ya watalii imefika mlango wa kanisa,
kijana wa kuhudumu hana nafasi ya kufuta jasho,
na wali ukaja umeungua kandoni, katikati tope,
kamba wawili juu yake wakitazamana.
Tulilipa yuro sitini na nne.
Tukarudi nyumbani tukakaanga mayai.

Chema chajiuza, husema watu.
Na kilichokuwa chema?
Hicho nacho chajiuza, kwa mkopo wa jina.

Mara ya tatu ilikuwa kwa ajili ya Amaro, shemeji yangu,
miaka kumi na mmoja Jeneva akipaka rangi kuta za watu.
Hata koti hakuvua.
Nipelekeni kwa Dorinda, alisema,
huko nikishikwa na homa nilikuwa nalala nikimtafuna pweza wake.
Akatueleza, kana kwamba sisi ndio wageni:
anavyochovywa mara tatu kwenye maji yanayotokota
ashtuke, ajikunje, ndipo aachwe aive;
anavyokatwa kwa mkasi juu ya sahani ya mbao,
mafuta ya zeituni, chumvi ya mawe,
pilipili nyekundu ikimwagwa kutoka juu, kwa madaha.

Pweza akaja.
Sahani ilikuwa ileile ya mbao.
Amaro akatafuna.
Akatazama dirishani, taa za bandari, akatafuna,
kama mtu anayetafuta neno alilolisahau
katika lugha ya mama yake.

Mimi nilijua. Nafanya zamu ya usiku kwenye ghala la barafu.
Kila Jumanne napokea maboksi ya kilo ishirini
kutoka bahari ambazo Dorinda hakuwahi kuziona,
jina lake limeandikwa ubavuni kwa wino mzito.
Wala barafu si dhambi, barafu humlainisha pweza
kuliko kumpigapiga mwambani.
Dhambi ni haraka. Dhambi ni kuacha sufuria
ukaenda kupigwa picha na wageni mlangoni.

Basi nikasimama na sahani yangu mkononi.
Maneno nilikuwa nayo, makali, nimeyapanga tangu kome.

Karibu na mlango wa jikoni, kwenye kimeza cha kuwekea vikapu vya mkate,
alikaa Dorinda.
Blanketi magotini. Vidole vimepinda kama mizizi ya tangawizi.
Mwanawe, Xián, bwana mwenye mgahawa,
kitambi na saa ya dhahabu,
amesimama mbele yake mikono nyuma
kama mtoto anayesubiri daftari lake lisahihishwe.
Mama hakumgusa pweza.
Alichovya mkate kwenye mafuta, akaufyonza, akafumba macho.
Chumvi imekaa, mwanangu, akasema.
Chumvi imekaa.

Ndipo Xián aliponiona.
Akaitazama sahani yangu. Akanitazama mimi.
Kuna tatizo, mama?

Hapana, nikasema. Nimekuja kuomba mkate.

Akanipa mikate miwili, ya moto, hakuitia kwenye hesabu.
Tulikula mkate na mafuta.
Pweza tulimwacha akipoa katikati yetu
kama jamaa aliyekuja na habari mbaya
asijue aanzie wapi.

Garini Amaro alinyamaza hadi tulipopita daraja.
Kisha akauliza, polepole:
Au ni mimi niliyebadilika?

Ni mvua, akajibu Fiz.

Na anga lilikuwa limetakata, nyota hadi ukingoni,
hata wingu moja la kusingizia halikuwapo.