Kebo ya Baiskeli

Fundi Ndelilio wa Pasua aliinua boneti,
akafuta mikono kwa gazeti la juzi:
"Toa hii injini, tia ya Toyota. Breki, diski.
Kesho unapanda Kibosho unapiga mluzi."

Nikasema, hapana.
Pijo hii ni ya marehemu baba, ya sitini na nane.
Gia iko kwenye usukani,
harufu ya buni haijatoka kwenye buti.
Naitaka kama ilivyotoka kiwandani.

Hakubishana. "Sogea. Inama."
Mpira wa rejeta: wa bomba la kupulizia mikahawa.
Pampu ya mafuta: ya Bedford.
Na kebo ya eksileta, breki ya baiskeli,
mwisho wake umepigwa fundo
ninalolijua.
Ndilo alilofunga viatu vyangu
asubuhi za shule, kabla umande haujakauka.

"Kiwanda kipi?" fundi akauliza, taratibu.

Nikakaa juu ya tairi bovu.
Mama ana kliniki kila Jumatano,
na ule mteremko wa Kibosho hauna huruma.

Haya, tia diski.
Tia na mkanda, upande wa mama.
Kebo iache.
Iache, hata ikikwama.