Upande wa Nyuma wa Jiwe

Jiwe lilifika Jumanne, limefungwa minyororo
juu ya lori la Virgil Tackett, mchonga makaburi,
ambaye kabla ya kushika patasi
aliwauliza madiwani swali moja tu:
ya sita ni ipi?
Maana Wakatoliki wana hesabu yao,
Wabaptisti wana yao,
na mwalimu Lessing, ambaye mababu zake ndio waliozipokea kwanza,
ana yake, na hakutaka hata moja iwekwe pale.
"Kwetu hukaa sandukuni," alisema,
"si kwenye majani ya serikali."
Alizomewa kwa adabu, wanavyozomea Kentaki:
kwa kikohozi.
Wakakata shauri jiwe lisiwe na namba.

Mimi sikuwa na kura. Mimi ni ulimi wa kukodi,
Jumatatu na Alhamisi,
Kiswahili cha Uvira, cha Kigoma, cha kambini,
chochote kitakachoshtakiwa asubuhi hiyo.
Nimeapa, mkono juu, kutoongeza neno
wala kupunguza.

Kesi ya nne: Nabintu,
zamu ya usiku kiwandani, mkata mapaja ya kuku.
Kodi ya nyumba, miezi miwili.
Mwenye nyumba hakuja; lilikuja faili lake.
Hakimu Stamper si mtu mbaya, niliseme hilo.
Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena,
na sheria ilikuwa palepale:
siku saba, uhame.
Nikatafsiri. Siku saba. Uhame.
Mdomoni nikasikia ladha ya sarafu.

Nje, theluji ilikuwa imejaa ndani ya herufi.
"Linasemaje?"
Nikamsomea. Usiue. Usizini. Usiibe.
Alihesabu kwa vidole vyenye plasta
kama mtu anayehakiki vitu alivyotumwa dukani.
Vidole vikaisha. Akaitazama mikono yake
kana kwamba amepunjwa.

"Na ile ya blanketi?"
Ipi?
"Ya blanketi! Ukiliweka rehani blanketi la maskini,
mrudishie jua halijazama,
kwani usiku atajifunika nini?
Katekista alitufundisha kambini.
Tulikuwa watu watano, blanketi moja,
tungeisahau vipi?
Na ile ya kutovuna pembe za shamba.
Na ya mwaka wa saba, madeni yafutwe."

Hizo hazimo, nikasema.
"Nafasi haikutosha?"

Nikazunguka jiwe.
Nyuma ni tupu, limesuguliwa likang'aa,
pana kiasi cha kuandika
madeni ya wilaya nzima.

Sasa mniulize mimi, kwa kuwa hakuna aliyeniuliza.
Shangazi yangu Mwamini alifukuzwa mtaani
kwa aya moja na fimbo mbili,
mimba ya miezi sita;
aliyemtia mimba ndiye aliyeshika kitabu.
Kwa hiyo siombi jiwe la pili.
Hata hili, kama ni kwa kura yangu,
lingerudi kwa Tackett, likawe kaburi la mtu
aliyeishi akiyatenda bila kuyasoma.

Lakini ukishaipakia sheria ya kale kwenye lori,
ni nani aliyekupa ruhusa
ya kuteremsha nusu njiani,
ile nusu nzito,
inayomdai mwenye nyumba?
Nami niliyeapa kutopunguza
nalipwa na haohao waliopunguza.
Hundi huja kila tarehe kumi na tano. Sijairudisha hata moja.

Nabintu alipangusa theluji juu ya jiwe
kwa mkono wa koti,
polepole, kama anafuta meza ya watu.
Gari la kiwandani likapiga honi.
"Huyo mchongaji," akasema, akipanda,
"bado anapokea kazi?
Niulizie
herufi moja ni shilingi ngapi."

Alisema shilingi.
Sikumsahihisha.